Mkesha wa Mapinduzi: namna ya kuwazungusha wenzako mjini Zanzibar kuangalia taa

Usiku wa kutoka ni mmoja tu, ule wa kuamkia tarehe 12 Januari. Iddi msiihangaikie kwa jambo hili. Iddi inasubiri mwezi uandame, dereva huwezi kumpa tarehe, na siku zile zina wenyewe, ni watoto na viwanja vyao: Kariakoo kwa sisi wa mjini, Tibirinzi kwa walioko Chake Chake, Pemba. Mapinduzi hayasogei mbele wala nyuma, majengo yanapambwa taa, asubuhi yake ni mapumziko, na kaskazi inavuma, kwa hivyo hata mkikaa nje mpaka usiku wa manane hamtokwi jasho la bure.

Anzeni na pesa. Kwenye kundi letu, wenzangu tuliosoma skuli moja, mshika pesa ni mimi, na hesabu yangu ni hii. Tuseme dereva wa daladala ametaka shilingi 120,000 kwa usiku mzima na nyinyi mko 14. Usigawe kwa 14. Gawa kwa 12, kila mtu 10,000, maana wawili lazima wapate mgeni au homa siku yenyewe. Wakija wote, ile 20,000 inayozidi ni ya maji na juisi. Anayesema "nitakupa palepale" mwambie na nafasi yake ataiulizia palepale. Orodha naifunga tarehe tano Januari na silainiki, hata kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Dereva naye aambiwe mapema kuwa hii si ruti. Mguu wake umezoea kukimbilia abiria. Ukinyamaza atawapitisha Michenzani mkabaki kuulizana kama ndiyo ilikuwa pale. Mwendo uwe wa gari ya bibi harusi. Na awasubiri mpaka mwisho. Asiyetaka kusubiri mwacheni, tafuteni mwengine, kwa sababu saa saba za usiku kila mtu mjini anatafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Ondokeni baada ya Isha, saa mbili na robo hivi. Sisi huanzia Amani, tukauzunguka uwanja kidogo, halafu tunateremka Michenzani, na hapo ndipo pa kukaa. Yale majumba marefu ya maendeleo, aliyoyaanzisha Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yametandaa pande zote za mzunguko, na katikati upo mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi, wa 2014. Gari ikizunguka, waliokaa kulia wanauona mnara na waliokaa kushoto wanayaona majumba. Badilishaneni viti, mwambieni dereva arudie. Najua inaonekana utoto, lakini ukiwaacha bila kubadilishana watagombana mpaka bustani ya Forodhani.

Mzunguko wa pili mwambieni apunguze mwendo zaidi, muangalie juu. Watu wametoa viti barazani ghorofa ya tatu, ya nne, wanakuangalieni nyinyi mnaowaangalia. Pana kanga iliyosahauliwa kwenye kamba, taa za rangi zimepita nyuma yake: inakuwa nyekundu, mara kijani, mpaka maandishi yake unayasoma kutoka chini. Hapo kila mwaka hatukosi mmoja wa kukumbusha kiza cha mwisho wa 2009, waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika tukakaa hivyo mpaka Machi 2010. Mwacheni aseme. Watoto hawaamini.

Darajani msisimame, piteni tu. Gari ibaki Mnazi Mmoja, maana daladala na vichochoro vya Mji Mkongwe havipatani. Kabla hamjaachana mkubaliane pa kukutana, na pazuri ni Beit el Amani, lile jumba la makumbusho lenye makuba meupe. Linaonekana kwa mbali, na simu siku ile hazitegemeki kwa wingi wa watu. Viatu viwe vya chini. Ingieni kwa Mkunazini mpaka Jaws Corner, mnywe kahawa na kashata, halafu mteremke Forodhani.

Forodhani nina neno langu: msile pale. Shibeni urojo nyumbani au mtaani kwenu kabla ya kutoka. Usiku ule meza zimejaa wageni, na ukikaa bila kuuliza bei utaijua ukishamaliza mshikaki. Kunyweni juisi ya miwa tu, na simameni karibu na mashine muone ndimu na tangawizi vikikunjwa ndani ya muwa na kupitishwa kwa pamoja. Hapo mbele ni jumba la Beit el Ajaib, la 1883, lililotangulia majumba yote ya Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Wenye watoto wa skuli wawaonyeshe.

Ikifika saa nne na nusu anzeni kwenda Maisara kwa njia ya Vuga, kwa miguu, kwani huko gari haitasogea. Fashifashi, yaani fataki, zinapigwa huko saa sita kamili. Simameni upande ambao kaskazi inawapiga mgongoni, moshi uende zake baharini. Wanaosimama upande wa pili wanaona moto wa mwanzo tu, baadaye ni kukohoa. Mwenye mtoto mchanga abaki garini Mnazi Mmoja, vioo juu. Ataona vya kutosha, na mtoto hatashtuka.

Kurudi, wanawake wanaokaa peke yao washushwe mlangoni, si njia panda, na gari isiondoke mpaka taa ya ndani iwake. Asubuhi ya tarehe 12, kabla hujanywa chai, piga picha karatasi ya hesabu uwatumie wote: kilichoingia, cha dereva, cha juisi, kilichobaki. Kilichobaki sisi hatugawani, kinalala kwangu mpaka Januari nyengine.