Bakapu ya kampuni: mambo ya kuzingatia kabla hamjalia

Bakapu ni nakala za akiba za data zenu; msianze kwa kununua diski. Anza kwa kumkalisha mhasibu, mtu wa stoo na mtu wa mauzo, umuulize kila mmoja: kitu gani kikipotea leo, kesho huna kazi? Bosi atataja barua pepe. Mhasibu atataja faili moja ambalo hukujua kama lipo, tena lipo kwenye laptopu yake.

Kisha kubalianeni mnaweza kupoteza kazi ya muda gani. Duka linalotoa ankara mia kwa siku likifanya bakapu Ijumaa hadi Ijumaa, linajidanganya.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Msiniambie "yetu iko kwenye wingu", maana wingu ni kompyuta za watu wengine zilizo mahali fulani. Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni inayohifadhi data za wateja, na wapo wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapohapo.

Diski ya nje ikimaliza kunakili, ichomolewe. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, havibagui: diski iliyochomekwa nayo mafaili yake yanafungwa mpaka ulipe.

Sasa njooni kwenye kujaribu kurejesha, na hapa someni polepole.

Nilikuwa nahudumia msambazaji mmoja wa vipuri Kariakoo. Bakapu niliipanga mwenyewe, saa tano usiku, na kila asubuhi niliona alama ya kijani. Miezi kumi na minne ya kijani. Siku diski ya seva ilipoanza kugonga tik, tik, sikutoka hata jasho. Nikamwambia mhasibu, "Dada, kesho mchana unafanya kazi." Nikafungua bakapu: picha za sherehe ya mwisho wa mwaka, barua za likizo, nembo ya kampuni kwa rangi sita. Faili la hesabu lilikuwemo moja tu, la siku ile niliyopanga bakapu, nikiwa nimeifunga programu ya hesabu mwenyewe. Baada ya hapo dada alikuwa anaondoka bila kuifunga, na faili likiwa linatumika, bakapu yangu ililiruka. Ilisema, tena kila usiku, chini kabisa ya ile alama ya kijani: faili 1 limerukwa. Nani alishuka kusoma?

Tuliokolewa na karatasi. Ankara na ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za EFD, mashine ya risiti za kodi, tukachapa wiki tatu, Jumapili zikiwemo. Madeni ya waliokopa kwa mdomo hayakuwa na karatasi. Waungwana walikuja wenyewe; wengine waliuliza, "Deni gani?"

Na si sisi tu. GitLab, watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao, Januari 2017 walifuta data kwa bahati mbaya, wakakuta bakapu walizozitegemea hazifanyi kazi. Kilichowafaa ni nakala ya saa sita nyuma, ambayo mfanyakazi wao aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo kila mwezi rejesheni kwenye kompyuta nyingine, na mhasibu mwenyewe, siyo kijana wa IT, afungue na kulinganisha salio. Pimeni na muda. GB 500 kutoka kwenye wingu kwa intaneti ya Mbps 20 ni zaidi ya siku mbili, hapo nyaya za baharini zinazotuletea intaneti ziko salama. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja. Nakala iliyo hapo hapo ofisini bado inahitajika.

Bakapu ifungwe kwa nywila, maana ina namba za simu na mishahara ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nywila wawe nayo watu wawili, siyo mmoja aliye likizo. Kijana wa IT akiacha kazi, zibadilisheni siku hiyohiyo. Diski isikae droo moja na seva, wala nyumbani kwa bosi kwenye watoto, wala chini ya AC inayovuja, wala kwenye gari...