Mambo ya kuandaa kabla mashine ya kopi haijaanza kutuma barua pepe

Ofisi nyingi za Mwanza, kuanzia mawakala wa mizigo hadi viwanda vya minofu ya samaki, siku hizi zina mashine ya kopi inayoskani karatasi na kuituma moja kwa moja kwa barua pepe. Zipo pia kamera za ulinzi zinazotuma taarifa usiku, na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, inayotoa onyo umeme ukikatika. Vifaa hivi havijui kumtafuta mpokeaji vyenyewe. Vinahitaji seva ya kuvipokelea ujumbe na kuufikisha, yaani rilei, ambayo ni kama tarishi wa ofisi. Fundi akiitwa, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye skrini ya mashine na kuanza kujaza. Nusu siku huishia hapo, kwa sababu karibu kila kinachoamua kama ujumbe utafika kiko nje ya mashine.

Anza kwa kuuliza ujumbe unakwenda kwa nani. Skani zikiishia kwa wafanyakazi wenzenu tu, kazi ni nyepesi. Zikienda kwa mteja Nansio au mnunuzi wa samaki Ulaya, njia ni nyingine. Kwa wanaotumia Microsoft 365, ya kwanza ni kutuma moja kwa moja kwenye seva ya kikoa chenu (jina linalofuata @ kwenye barua pepe zenu) kwa poti 25, bila nywila; poti ni mlango wenye namba ambao ujumbe hupitia. Hiyo hufikisha kwa watu wa ndani pekee, na msimamizi anaweza kuwa ameizima, kwa hiyo muulize kwanza. Ya pili ni kuingia kwa akaunti kwenye smtp.office365.com, poti 587. Ya tatu ni rilei inayoitambua ofisi yenu kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, au kwa cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali. Wa Google Workspace wana smtp-relay.gmail.com, ambayo msimamizi lazima aiwashe kabla haijapokea chochote.

Kwenye anwani ya IP ndipo ofisi zetu nyingi hukwama. Ukitumia ruta ya laini ya simu, anwani inayoonekana nje hubadilika, na mara nyingi mnashirikiana na wateja wengine wa mtandao huohuo. Ukiiandikisha kwenye rilei, umewaruhusu watu usiowajua kutuma kwa jina lenu. Kama mnataka njia ya IP, ombeni anwani ya kudumu kwa kampuni inayowapa faiba, na muombe kwa maandishi. Ulizeni palepale kama poti 25 iko wazi, maana kampuni nyingi za intaneti huifunga ili kuzuia barua taka. Jibu likiwa haiko wazi, njia ya poti 587 yenye akaunti ndiyo yenu, na hakuna haja ya kubishana.

Akaunti yenyewe nina msimamo nayo: isiwe ya bosi, isiwe ya mhasibu, isiwe ya mtu yeyote. Fungua ya kifaa, mfano skana@ ikifuatiwa na kikoa chenu. Nywila ya bosi ikiwekwa kwenye mashine, siku akiibadilisha skani zote zinakufa, na hakuna atakayekumbuka sababu. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mashine nyingi za kopi ni za kukodi. Mkataba ukiisha inaondoka na kumbukumbu yake ya ndani: nywila, orodha ya anwani, pengine hata nakala za vitambulisho na mikataba ya ajira iliyoskaniwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaigusa ofisi yako hapo. Kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, uliza nani atafuta kumbukumbu na utapewa karatasi gani ya kuthibitisha. Na nywila ya msimamizi wa mashine iliyokuja nayo kutoka kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo inapowashwa.

Kwa upande wa Google, nywila ya kawaida haikubaliki tena kwa vifaa vya aina hii. Unawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha unatengeneza nywila maalumu ya programu yenye herufi 16. Microsoft nayo imetangaza kuwa itaachana na kuingia kwa nywila tupu kwenye utumaji huu. Kwa hiyo ukinunua mashine sasa, uliza kama inajua OAuth (kuingia kwa kibali badala ya nywila), na kama inajua TLS 1.2 (usimbaji wa ujumbe ukiwa njiani). Muuzaji akishindwa kujibu, mwambie akuonyeshe kwenye kitabu cha mashine kabla hujatoa pesa.

Mashine ya zamani si lazima itupwe. Unaweza kuweka kompyuta ndogo ofisini yenye Postfix, programu ya seva ya barua pepe: mashine inaikabidhi ujumbe ndani ya mtandao wenu, nayo ndiyo inayozungumza na dunia kwa usalama. Kwa mji ambao radi ya ziwani inaweza kuzima intaneti mchana kutwa, hii ina faida kubwa, kwani Postfix huweka ujumbe kwenye foleni na kuendelea kujaribu hadi siku 5, wakati mashine nyingi za kopi hushindwa na kuachana nao. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: iruhusu anwani za vifaa vyako tu, na usiifungulie poti 25 kutoka nje. Rilei iliyo wazi hugunduliwa haraka na watuma barua taka, na kikoa chenu kikiingia kwenye orodha nyeusi hata ankara halali hazitafika.

Umeme nao una mambo yake. UPS haiwezi kutuma onyo la umeme kukatika kama ruta nayo haijachomekwa kwenye UPS. Fuata waya kwa mkono hadi uone unaishia wapi. Vilevile mashine yenye betri ya saa iliyokufa huamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, kisha inakataa cheti cha seva kwa kuona muda wake bado. Iwekee seva ya saa, ambayo huisahihishia muda kupitia mtandao, na majira ya Afrika Mashariki, saa 3 mbele ya UTC.

Rekodi ya SPF ya kikoa, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, iandaliwe mapema, kwa sababu huenda aliyewasajilia kikoa alishahama na ndiye mwenye ufunguo. Iwe moja tu, si mbili, na isirejee kwenye rekodi nyingine zaidi ya mara 10. Ukubwa wa faili nao: kiambatisho huongezeka kwa takribani theluthi kinaposafirishwa, na Gmail inaishia MB 25, basi skani zako zisivuke MB 18. Dpi 200 (kipimo cha ukali wa picha) kwa rangi nyeusi na nyeupe inatosha kwa ankara.

Siku ya kujaribu, tuma kwa mtu wa ndani, kisha kwa anwani ya nje, na ukague folda ya barua taka. Ikikataa, soma namba. 535 ni akaunti au nywila. 550 au 554 yenye neno relay ni ruhusa, yaani seva haijaitambua ofisi yenu. 552 mara nyingi ni ukubwa. Kimya kabisa bila namba yoyote ni poti iliyofungwa au jina la seva lililokosewa. Ukimaliza, andika seva, poti, jina la akaunti na tarehe kwenye karatasi moja ikae kwenye faili la ofisi. Nywila ihifadhiwe kwingine.