SOMO: Kutoa kutu kwenye chuma cha chapati na kukivisha mafuta

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Chuma changu cha chapati kimeshika kutu, nitupe?" Usitupe. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Naishi Tanga, karibu na bahari. Huku msumari ukisahauliwa nje wiki moja unabadilika rangi. Kutu ni chuma kukutana na maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, hakuna kutu. Chumvi huchochea tu: maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu, na kutu huenda kwa umeme mdogo unaopita juu ya chuma. Kwa hiyo kazi ni kukinyima chuma hewa na maji.

1. Sugua kwa waya wa masufuria au msasa mpaka uone kijivu.

2. Kutu iliyogoma, loweka kwa siki na maji nusu kwa nusu. Kagua baada ya nusu saa. Usilaze, siki ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe.

3. Osha kwa sabuni, futa, bandika jikoni papo hapo kikauke. Ukisema kitajikaukia, kitapiga wekundu kabla hujamaliza kuosha vikombe.

4. Paka mafuta. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Mara ya kwanza nilimimina kama nakaanga samaki, nikidhani mafuta mengi ndiyo kinga nyingi. Nikaweka mkaa, nikaenda zangu. Niliporudi, chuma kina madoa mazito rangi ya asali, yananata kama ulimbo. Chapati ya kwanza ikabaki nusu kwenye chuma. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu siku ile, alikula, akanyamaza. Nilikwangua hadi jioni.
Sasa sikia: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kinatosha chuma kizima, mgongo na mpini pia. Ukishapaka, chukua kitambaa kikavu cha pamba uyafute kama mtu aliyepaka kwa makosa. Mafuta mazito hushika ngozi juu, chini yakabaki mabichi, ndiyo ule ulimbo.
TAHADHARI: kitambaa cha nailoni kitayeyuka. Fungua madirisha. Mafuta yakiwaka usimwagie maji, funika na mfuniko na uzime jiko.

5. Moto wa wastani hadi moshi mwembamba uanze, endelea kama nusu saa ukikigeuza. Acha kipoe.

6. Rudia 4 na 5 mara tatu au nne. Kikiwa cheusi, kimeiva: mafuta yameshakuwa ngozi ngumu inayokinyima chuma hewa na maji.

Baada ya kupika: osha, kausha motoni, futa na mafuta kidogo sana. Usilaze mchuzi wa ukwaju au nyanya humo. Ukali wake unavua ile ngozi, na chakula kinachukua ladha ya chuma.

MASWALI

Mpishi wa Zamu: Mkuu nimefuata kila kitu lakini kinanata.
— Mafuta kiasi gani?
Mpishi wa Zamu: Vijiko vitatu vya chakula hivi.
— Rudi namba 4.

Kijana wa Kona: Sufuria yangu ya aluminiamu nayo niivishe?
— Hapana. Aluminiamu haishiki kutu. Nimeandika CHUMA kwenye kichwa cha habari.

Bibi Kizuri: Bibi zetu hawakuwa na hatua sita na vyuma vyao vilikuwa vyeusi tii.
— Bibi zetu walipika chapati kila siku kwa mafuta na moto. Hiyo ndiyo namba 4 na 5, miaka 30. Mimi nawafupishia.

Fundi Mchwa: Nina kipande cha bati la kuezekea, nikikate kiwe kikaango?
— Usithubutu. Bati lile limepakwa zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kipone. Juu ya paa ni jambo zuri. Ukiichoma kwa moto mkali inatoa moshi wenye sumu.

Mwanafunzi wa Usiku: Samahani kaka, kuna kitu kinanichanganya. Mafuta yanazuia kutu, lakini yenyewe chupani yanachacha. Imekaaje?
— Shikamoo kwa swali, mdogo wangu! Ni hewa ileile. Kwenye chuma cha moto mafuta hunyonya hewa haraka na kushikana yakawa ngozi ngumu. Chupani, hasa juani dirishani, hufanya hivyo polepole na nusunusu, ndipo ile harufu inapotoka. Kwa hiyo chupa funga vizuri, weka kabatini, mbali na jiko. Hapo pia utaona kwa nini situmii mafuta ya nazi kuvisha: yanachelewa kuchacha, lakini kwa sababu hiyohiyo hayashiki ngozi vizuri. Yaache kwenye wali.

Mwanafunzi wa Usiku: Asante kaka. Na mahindi ya mama kule kijijini yanaota ukungu, nayo ni hewa?
— Hayo ni unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi, chumvi kavu vijiko vitatu au vinne. Funga, tikisa dakika moja, subiri robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado mabichi, aanike tena. Yenye ukungu asisagishe wala asiwape kuku: sumukuvu haitoki kwa kupikwa.

Mpishi wa Zamu: Nimekwangua yote mkuu. Kijiko cha chai kijae au kiwe nusu?
— Kimoja ndicho kikomo, hata nusu inatosha. Kisha futa.