Kabla hamjagusa nyumba ya mama kijijini, kaeni chini na haya kwanza

Kila mwaka ikifika Agosti Septemba magrupu ya familia yanachangamka. Mtu amepita nyumbani, amerudi na picha za bati lililooza na ukuta wenye ufa, anazitupia grupuni, na kabla ya jioni michango imeshaahidiwa na kila mtu kawa fundi. Wa Marekani anataka jipsam, wa Dar anataka madirisha ya aluminiam, shemeji ana mtu wake anauza tailizi bei poa, na wote wanapiga hesabu ya Desemba maana sisi wa Kilimanjaro Krismasi lazima tupande nyumbani na hamna anayetaka kulala chumba kinachovuja. Tatizo linaanzia hapo hapo. Nyumba inakarabatiwa kwa ajili ya wageni wa wiki mbili, alafu yule anayelala mle mwaka mzima, miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, usiku anatoka nje kwenda chooni na tochi ya simu, hajaulizwa kitu.

Kwahiyo kabla ya mchango, mtu mmoja aende akakae naye siku kadhaa, na asiende kama mkaguzi. Aangalie mama anashika wapi akisimama. Nyumba yoyote ya mzee ina alama, pale karibu na mlango wa chumbani na pembeni ya kitanda ukuta umekuwa mweusi kwa kushikwashikwa, basi hapo ndo panataka chuma cha kushikia, hamuhitaji mtaalam awaambie. Angalia kizingiti anakivukaje, ngazi ya barazani anaishuka kwa mguu gani kwanza, maji anachota wapi. Na ukimuuliza "mama unataka turekebishe nini" atakujibu "iko sawa tu mwanangu, msiangaike, somesheni watoto", hilo sio jibu, hiyo ni heshima yake ya kutotaka kuwa mzigo. Muulize jana usiku alitokaje, muulize mvua ya masika ndoo aliziweka wapi, hapo atakusimulia mpaka ukome.

Ukishapata hiyo picha ndo mpange kipi kinaanza, na hapa ntasema wazi: bati, choo, sakafu na umeme vinatangulia, rangi na dari ya mapambo vinasubiri hela ibaki. Wengi wanafanya kinyume kwasababu rangi inaonekana kwenye picha na choo hakionekani.

Tuanze juu. Usikubali kuambiwa "bati zote zitoke" kabla mtu hajapanda darini mchana akaangalia kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Saa nyingine kinachovuja ni kofia (bati la pale juu kileleni) na matundu ya misumari tu, na saa nyingine bati lina afadhali kuliko mbao, mchwa kashakula boriti toka kwenye ukuta, ukichoma na kisu kinaingia kama kwenye mkate. Kama ni kubadilisha basi mjue geji mnayonunua, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, geji 32 ni nyepesi kuliko 30 na 28 ndo nene kati ya hizo, na kuna maduka lebo inasema kingine na bati lenyewe linasema kingine kwahiyo nendeni na mtu anayejua kupima. Mbao ziwe zimepigwa dawa. Na msisahau gata, wengi tunaiona kama urembo lakini maji ya paa yakidondoka miaka na miaka kwenye usawa wa msingi, hasa zile kuta za tope au tofali mbichi, ukuta unalowa kwa chini na unaanza kukatika, alafu mnalaumu fundi wa zamani. Gata moja na mfereji wa kutoa maji mbali na nyumba unaweza kusaidia kuliko kupiga lipu upya.

Na kuhusu lipu yenyewe, kama nyumba ni ya tope usikimbilie kuipaka simenti tu juu juu. Simenti ni ngumu, udongo unatanuka na kusinyaa, baada ya muda inabanduka kama ganda na unyevu unabaki umefungiwa ndani. Fundi mzoefu atapigilia waya wa kuku kwanza au atakushauri lipu ya udongo na chokaa. Ufa nao upimwe kabla ya kuzibwa, chora kwa penseli pale unapoishia, andika tarehe, subirini mvua ipite muone kama umetembea, ukitembea basi shida iko kwenye msingi na kuziba ni kuficha.

Choo sasa. Hapa ndo familia nyingi zinagombana, kuna wanaotaka choo cha ndani cha kuflashi na kuna wanaosema cha nje kinatosha. Mimi naona swali la kwanza ni maji. Kama bomba la kijiji linatoka siku mbili kwa wiki, choo cha kuflashi bila tenki kinamgeuza mama kuwa mbeba ndoo, na kikinuka kiko ndani. Kwahiyo tenki kwanza, walau la lita 1000 lililounganishwa na ile gata, alafu choo. Kama hela haitoshi basi boresheni cha nje: njia ya simenti isiyoteleza toka mlangoni mpaka chooni, taa, chuma cha kushikia ukutani, na kiti cha kukaa badala ya kuchuchumaa, urefu wa kama sentimita 45 hivi mtu mwenye magoti mabovu anaweza kunyanyuka mwenyewe. Hicho chuma kifungwe kwenye tofali kwa bolti za kutanuka na mtu mzima akining'inie kujaribu, kikifungwa kwenye lipu tupu ni mtego, siku anakitegemea ndo siku kinang'oka naye.

Sakafu, tailizi za kung'aa hapana jamani. Zikilowa zinateleza na mzee akivunjika nyonga maisha yake yanabadilika kabisa. Niru (sakafu ya simenti) iliyoachwa na mkwaruzo kidogo au tailizi zenye uso wa kukwaruza zinatosha, na vizingiti viondolewe njiani. Ngazi ya mbele mkitaka kuigeuza mteremko hesabu ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, yani baraza lililoinuka sentimita 30 linataka mteremko wa mita 3.6, kwahiyo pimeni uwanja kabla hamjamwaga zege, ukiwa mfupi unakuwa mkali na hata kitimwendo hakipandi. Mlango wa chumba chake uwe na upana wa kama sentimita 90, leo anatembea lakini hamjui kesho.

Umeme nitapita haraka: nyumba ikiwa na waya za miaka mingi msiongeze soketi juu yake, tafuteni mtu mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, akague na aangalie kama kuna asi (waya wa kwenda ardhini), alafu swichi ya taa ifikike akiwa kitandani.

Sasa mambo yasiyo ya simenti, na haya ndo yanavunja familia. Nyumba ni ya nani? Kama mzee alishafariki na mirathi haijafunguliwa, kaeni kikao cha ukoo mpendekeze msimamizi na mahakama imteue kabla mtu hajaweka mamilioni, maana kwa mila zetu kitindamimba wa kiume ndo anabaki na nyumba ya wazazi, na siku moja dada aliyetoa nusu ya gharama atauliza hela yangu iko wapi. Andikeni karatasi fupi: hii ni zawadi kwa mama, au ni mkopo, au ni hisa. Watu wanaona aibu kuandika wakiwa wanapendana, lakini ndo wakati wenyewe, wakishanuniana hakuna atakayeshika kalamu.

Msimu na usafiri viende pamoja. Vuli inaanza Oktoba au Novemba, masika Machi mpaka Mei, kwahiyo kung'oa bati mwezi wa kumi na moja ili Krismasi ikukute umemaliza ni kucheza kamari na kitanda cha mama, na isitoshe mafundi wazuri Desemba wameshachukuliwa na kila mtu anayepanda nyumbani. Alafu kihamba, yani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, mara nyingi hakina barabara ya lori. Mchanga unamwagwa kule barabarani na kutoka hapo ni vichwa, toroli au bodaboda, na hiyo gharama ya kushusha na kubeba haipo kwenye bajeti ya yeyote grupuni. Iulizeni mapema. Saruji nayo isinunuliwe yote kwa mkupuo kisa bei, mifuko ikikaa chini kwenye unyevu wa mlimani inaganda, iwekwe juu ya mbao na itumike ndani ya miezi mitatu hivi. Na zege au lipu ikishapigwa inataka kumwagiliwa maji walau siku 7, muulize fundi nani atamwagilia, ukisikia "mama atamwagia tu" anza kuwa na wasiwasi.

Maana mama mnamuweka wapi kipindi hicho? Vumbi, nyundo, watu sita uani. Usipopanga utakuta bibi wa miaka 78 anapikia mafundi ugali kila mchana kwasababu kwake ni aibu mgeni kukaa na njaa. Tafuteni mtu wa kupika na mumlipe. Kama ana presha au kifua, akakae kwa dada au jirani siku za kubomoa, lakini kama kumbukumbu imeanza kupungua msimhamishe mbali na msimbadilishie chumba, fanyeni chumba kimoja kimoja na kitanda chake kirudi palepale kilipokuwa, la sivyo ataamka usiku atafute mlango ambao haupo.

Fundi akubaliwe kwa kazi, sio kwa siku, na alipwe kwa hatua: kianzio, bati likishakaa, lipu ikishamaliza, na kipande kibaki. Vifaa vinunuliwe na mtu wenu, risiti ziende grupuni. Simtumi fundi hela ya saruji kwenye simu hata awe mjomba, na hasa akiwa mjomba, maana huyo hutaweza kumdai. Anayesimamia pale kijijini naye apewe posho, msimfanye afanye bure alafu mkashangaa mifuko inapungua.

Kile kipande kilichobaki cha fundi kitoke baada ya mvua kubwa ya kwanza, mtu apande darini na tochi akague kofia moja moja. Na mkubaliane kabisa nani atakuwa anasafisha gata, maana majani ya mgravilea yanaijaza haraka sana na mama asije akaonekana kwenye ngazi.