Kupunguziwa kifungo Marekani kwa First Step Act: mwongozo kwa familia ya mfungwa wa shirikisho

Mfungwa wa gereza la shirikisho Marekani anayeshiriki programu za urekebishaji hujipatia siku za punguzo: kwa siku hizo anaweza kutoka hadi miezi 12 mapema, na siku zinazozidi hapo akazimalizia nje ya ukuta, kwenye nyumba ya mpito au nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo chini ya First Step Act, sheria iliyotiwa saini tarehe 21 Desemba 2018. Siku hizo za punguzo mara nyingi hupotea kwenye makaratasi: fomu haikujazwa, hesabu haikukaguliwa, tarehe ya rufaa ilipita. Ndugu aliye nje anaweza kusaidia sana hapo, hasa kama mfungwa hasomi Kiingereza vizuri.

Sheria inamhusu?

Sheria hii haigusi magereza ya majimbo wala jela za kaunti, na huko ndiko waliko wafungwa wengi wa Marekani. Mfungwa wa shirikisho ana namba ya tarakimu nane: tano, kistari, kisha tatu. Itafute kwenye tovuti ya Ofisi ya Magereza ya Shirikisho, bop.gov. Ukiikuta, omba kwa wakili nakala ya hukumu na uisome kwa mambo mawili.

La kwanza ni kifungu cha sheria alichotiwa nacho hatiani. Orodha ya makosa yaliyotengwa ni ndefu: mauaji, ugaidi, makosa mengi ya ngono, kuwa na bunduki wakati wa kosa la ukatili au la dawa za kulevya (kifungu 924(c)), baadhi ya kesi za fentanyl, na mengineyo. Magereza huunganisha vifungo vyote kuwa kimoja, kwa hiyo kosa moja lililotengwa huharibu kifungo kizima. Ndiyo maana suala hili huulizwa kabla ya kukiri kosa mbele ya mahakama. Baada ya hapo limeshapita.

La pili: je, jaji aliweka kipindi cha uangalizi baada ya kifungo? Ile miezi 12 kazi yake ni kumwingiza mfungwa mapema kwenye uangalizi huo. Kama hukuti kipindi hicho kwenye hukumu, siku zake zitamsaidia kuhamia nyumba ya mpito au kifungo cha nyumbani tu.

Asiye raia asome hapa kwa makini

Watu wetu wengi huambiwa gerezani kwamba mhamiaji hana haki ya siku hizi. Si kweli kwa jumla. Anayezuiwa kuzitumia ni yule mwenye amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini. Barua ya ICE (idara ya uhamiaji ya Marekani) ya kuomba ashikiliwe akimaliza kifungo ni kitu kingine, na tangu Februari 2023 barua hiyo peke yake haimzuii. Maofisa wa gereza huzichanganya karatasi hizi mbili, kwa hiyo msibishane kwa mdomo. Chukua namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A, angalia hali ya kesi kwenye mfumo wa mahakama za uhamiaji, chapisha ukurasa huo na umtumie. Kumbuka tu kwamba amri za kufukuzwa haraka zinazotolewa na maofisa bila jaji hazionekani kwenye mfumo huo. Hizo huulizwa kwa wakili wa uhamiaji.

Jihadharini na makubaliano ya kukiri kosa yenye kipengele cha kukubali kufukuzwa. Saini hiyo moja inaweza kuzifuta siku zote. Tangu uamuzi wa Padilla v. Kentucky wa mwaka 2010, wakili wa kesi ya jinai analazimika kumweleza mteja wake athari za kufukuzwa nchini. Mdai maelezo hayo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Jinsi siku zinavyopatikana

Hapa pana kosa linalorudiwa kila gereza: kudhani kila cheti cha programu kina siku zake. Hakina. Kinachohesabiwa ni siku 30 za ushiriki. Kila siku 30 mfungwa hupata siku 10. Akiwa daraja la chini kabisa au la chini la hatari ya kurudia uhalifu, na asipopanda katika tathmini mbili mfululizo, hupata 15. Mwenye darasa moja na mwenye madarasa manne, kama hali zao ni sawa, hulingana. Vyeti vina faida nyingine: programu zilizokamilishwa hupunguza pointi kwenye tathmini ya hatari, iitwayo PATTERN.

Chukua mfungwa wa daraja la chini. Miezi saba ya mwanzo, kabla tathmini ya pili haijakamilika, atapata 7 × 10, yaani 70. Baada ya hapo vipindi 20 vya siku 15 ni 300. Jumla 370. Kwa hiyo mwaka mzima hujaa kwa vipindi kama 27, zaidi kidogo ya miaka miwili. Hizi hazichanganywi na siku za tabia njema, hadi 54 kwa kila mwaka wa kifungo kilichotolewa, ambazo zina hesabu yake.

Siku za mahabusu kabla ya hukumu hazizai kitu hapa, ingawa hupunguzwa kwenye kifungo. Siku za kati ya hukumu na kufika kwenye gereza alilopangiwa zina mgogoro: kanuni ya magereza inazikataa, lakini mahakama kadhaa zimeamua zihesabiwe. Zinafaa kudaiwa. Hesabu husimama pia akiwa kwenye kifungo cha upweke cha adhabu, akilazwa muda mrefu hospitali ya nje, au akichukuliwa na mahakama nyingine.

Wa daraja la kati au la juu hujikusanyia siku 10, ila hawezi kuzitumia mpaka ashuke, au mkuu wa gereza akubali ombi lake maalumu.

Ndani ya siku 28 za kwanza

Akifika gerezani, kikao chake cha kwanza na timu ya kitengo, yaani maofisa wanaosimamia kesi yake gerezani, huwa ndani ya siku 28. Kabla yake kuna dodoso za mahitaji za kujaza kwenye kompyuta ya wafungwa. Mahitaji yako 13, yakiwemo hasira, elimu, familia, fedha, ulevi na kazi. Asipozijaza anaweza kuandikwa amekataa, na kukataa huko kukasimamisha hesabu. Asiyesoma Kiingereza huruka dodoso kwa kutoelewa, kisha anashangaa mwaka umepita na siku ni sifuri. Aombe msaada kwa maandishi na abaki na nakala. Darasa la Kiingereza lenyewe limo kwenye orodha ya programu zinazotambuliwa, basi aanzie hapo.

Programu ikiwa na foleni ndefu, ajiandikishe kwenye foleni na asikatae nafasi anayopewa. Kukataa ndiko kunakomtoa kwenye hesabu.

Vikao vinavyofuata huwa kila siku 180, na kila siku 90 anapobakiza mwaka. Katika kila kikao aombe karatasi iitwayo FSA Time Credit Assessment (FSA ni kifupi cha First Step Act). Apeleke macho kwenye tarehe ya kuanza, siku zilizohesabiwa, siku zilizoondolewa na daraja la hatari. Tarehe ya kuanza ndiyo hukosewa na wengi hawaitazami.

Mambo mawili huharibu kazi yote hii. Simu ya mkononi ndani ya gereza ni kosa la daraja la juu kabisa, na kwa kila kosa la namna hiyo anaweza kunyang'anywa hadi siku 41. La pili ni kukataa mpango wa kulipa faini na fidia, ambao kima chake cha chini ni dola 25 kwa robo mwaka. Kukataa huongeza pointi za hatari.

Tiba ya ulevi, RDAP

Hii ni ya saa 500 na ina punguzo lake: hadi miezi 6 kwa kifungo kisichozidi miezi 30, hadi 9 kwa cha miezi 31 hadi 36, na hadi 12 kwa kirefu zaidi. Huongezwa juu ya zile siku nyingine. Mwenye barua ya ICE hapati punguzo hili, hata akimaliza tiba. Uthibitisho wa matumizi ya pombe au dawa katika miezi 12 kabla ya kukamatwa unahitajika, na mahali pake ni ripoti ya kabla ya hukumu. Watu wetu huficha ulevi kwa aibu mbele ya afisa wa mahakama, kisha wanautafutia ushahidi gerezani. Ripoti ikikosewa, pingamizi hutolewa ndani ya siku 14 tangu kuipokea. Nakala ihifadhiwe na wakili au nyumbani, kwa sababu mfungwa haruhusiwi kukaa nayo.

Hesabu ikikosewa

Malalamiko hupanda ngazi kwa fomu. Anza na fomu BP-8, ya mazungumzo ndani ya kitengo. Kisha BP-9 kwa mkuu wa gereza, ndani ya siku 20 tangu tukio. Naye ana siku 20 za kujibu. BP-10 huenda ofisi ya kanda ndani ya siku 20, na BP-11 makao makuu ndani ya siku 30. Siku za rufaa huhesabiwa tangu jibu liliposainiwa, hata kama limemfikia baada ya wiki, na rufaa huhesabiwa imefika inapoandikishwa, si inapowekwa posta. Wengi hukwama hapo. Aambatishe nakala za ngazi zilizotangulia, la sivyo hurudishwa. Muda wa kujibu ukipita kimya, ahesabu amekataliwa na apande ngazi.

Ngazi zikiisha, ombi la kifungu 2241, la kupinga jinsi kifungo kinavyotekelezwa, hufunguliwa mahakama ya wilaya ya shirikisho lilipo gereza, kwa ada ya dola 5. Familia, wakati huo huo, andaeni anwani ya kudumu na ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwa kuwa afisa wa uangalizi atakuja kuikagua. Ikiwa anwani iko jimbo tofauti na alikohukumiwa, ombi la kuhamia lipelekwe kwa afisa wa kesi mapema, angalau mwaka kabla ya tarehe mnayoitegemea.