Hadithi Imekamilika, Uipeleke Wapi? Mwongozo kwa Waandishi wa Mwanza

Kila nikikutana na waandishi chipukizi hapa Mwanza, wawe wanafunzi wa Malimbe au vijana wa Kirumba wenye madaftari yaliyojaa mashairi, swali ni lilelile: "Kaka, nipeleke wapi?" Wengi huanza kwa kutafuta tuzo yenye hela nyingi, halafu wanaikata au kuivuta hadithi mpaka ienee kwenye masharti. Mimi naanzia upande wa pili. Itazame kwanza kazi yako, kisha utafute mlango unaoifaa.

Hatua ya 1: Pima kazi yako

Chukua daftari. Kwa kila kazi andika aina yake, lugha, idadi ya maneno, na kama imewahi kuonekana hadharani. Hilo la mwisho limewaponza wengi. Shairi ulilolibandika kwenye ukurasa wa Facebook unaosomwa na kila mtu, majarida mengi hulihesabu kuwa limekwisha kuchapishwa. Kama kazi unaitakia jarida, ikae kwanza kabatini.

Tuseme una hadithi ya mama anayeanika dagaa Igombe, maneno 2,800. Mashairi sita ya vina na mizani. Na insha kuhusu maisha ya wachuuzi wa kivuko cha Kigongo–Busisi baada ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Usizitume zote sehemu moja.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa kila kazi

Hadithi ya Igombe ningeiwekea macho Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina kiingilio, na inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Wanataka maneno 2,000 hadi 5,000, hadithi isiwe imechapishwa popote, na mwandishi awe ametimiza miaka 18. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, na mshindi mkuu pauni 5,000. Bado nawaona watu wakihangaika kuigeuza hadithi nzuri kuwa Kiingereza cha kuungaunga, eti ndiyo itapokelewa. Ya nini? Ukiamua kutafsiri kwa sababu zako, jua kwamba maneno yataongezeka: hadithi ya maneno 4,500 ya Kiswahili yaweza kuvuka 5,000 ikifika kwenye Kiingereza.

Mashairi ya vina yana wasomaji wake magazetini. Taifa Leo la Kenya limewapa washairi nafasi kwa miaka mingi, na mpaka wa Sirari hauzuii barua pepe. Majarida ya Kiingereza ya mtandaoni hupendelea mashairi huru, kwa hiyo tarbia yako, yaani shairi la beti za mistari minne, usiitafsiri ukitegemea vina vifike salama.

Ukiwa na diwani nzima, au mkusanyo wa hadithi, hapo zungumzia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Hizi ni za miswada mizima. Shairi moja halina nafasi huko.

Insha ndiyo ngumu zaidi. Kwa Kiingereza kuna Lolwe, jarida lililoanzishwa mwaka 2020 na Troy Onyango, lenye jina ambalo Wajaluo huliita ziwa letu hilihili. Kwa Kiswahili, insha nyingi zitabidi zivae shati la makala ya gazeti: fupi, na zenye jambo la sasa. Kama umeandika uchambuzi wa kitaaluma wa lugha au fasihi, hiyo ni kazi ya majarida kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko utadaiwa marejeleo.

Kwa kutafuta zaidi, The Submission Grinder, tovuti ya kutafutia majarida, ni bure; unachuja majarida kwa aina na urefu, ingawa karibu yote ni ya Kiingereza. Tovuti ya Brittle Paper hutangaza fursa za waandishi wa Afrika.

Hatua ya 3: Soma wanachochapisha

Soma angalau matoleo mawili. Bando likibana, pakua mara moja usome taratibu. Dakika ishirini za kusoma zitakuambia kama hadithi yako ya dagaa ina ndugu pale.

Hatua ya 4: Wachuje

Ada ya dola 3 hivi ya kusomewa kazi ni kawaida kwa baadhi ya majarida ya Marekani. Si wizi, lakini ibadilishe kuwa shilingi kabla hujabonyeza. Anayekwambia kazi yako "imechaguliwa" kisha anataka ununue nakala ishirini za antholojia, yaani kitabu cha mkusanyo wa kazi za waandishi wengi, mwache aende zake. Soma pia kipengele cha haki: kuwapa haki ya kuchapisha mara ya kwanza ni sawa, kuwapa haki zote milele si sawa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kama hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Hatua ya 5: Tuma

Faili la Word, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari. Usipige picha daftari. Wakitaka majaji wasikujue, futa jina lako kila ukurasa, na kwenye jina la faili pia. Barua ya utangulizi iwe mistari mitatu. Historia ya ukoo ibaki nyumbani. Usingoje usiku wa mwisho, maana umeme na mtandao huwa vinajua tarehe hizo.

Hatua ya 6: Rudi kwenye daftari

Andika ulikotuma, tarehe, na muda waliosema watajibu. Majarida mengi huruhusu kazi moja kutumwa kwingine pia, ila hakikisha masharti yao yanasema hivyo. Ikikubaliwa sehemu moja, siku hiyohiyo waandikie wengine kwamba unaiondoa. Kama ulitumia Submittable, mfumo wa mtandaoni wa kutumia kazi kwa majarida, kuna kitufe cha kuondoa. Kama ilikuwa barua pepe, jibu ileile uliyotumia kutuma, ili mhariri aione kazi yenyewe bila kuitafuta.