Difu loki ipi ufunge? Anza na jeki kabla ya kwenda dukani

Land Cruiser inaweza kukwama topeni huku matairi mawili yakizunguka bure na mawili yametulia tuli. Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi; ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa matairi yote mawili, na tairi linaloteleza ndilo linalopanga kiasi. Loki huzifunga shafti mbili zizunguke kama moja. Mimi ni fundi Arusha, na magari mengi ninayoletewa ni ya safari, yanayokwenda kwenye udongo mweusi wa Ndutu na Serengeti.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho. Weka kabari matairi ya mbele. Inua ya nyuma yote mawili juu ya stendi, zima injini, ingiza gia ya kwanza, achia hendibreki. Zungusha tairi moja kwa mkono. Lingine likizunguka kinyume bila shida, difu ni ya kawaida, au ni LSD (difu yenye sahani zinazopunguza tairi moja kuzunguka bure) iliyokwisha sahani. Likigoma, LSD yako bado hai, au tayari kuna loki inayojifunga yenyewe.

Hatua ya 2: Linganisha na njia zako.

LSD inatosha kwa changarawe na utelezi mdogo. Inataka oili yake maalumu, na tairi likining'inia hewani haisaidii sana. Hapo gusa breki kidogo huku umekanyaga mafuta. Mara nyingi gari hutoka.

Loki inayojifunga yenyewe, kama Detroit Locker, haina swichi: hufunga ukikanyaga mafuta na kuachia kwenye kona. Topeni ni jembe. Lakini kwenye lami hugonga, hula matairi, na ukipita kando ya mlima wenye utelezi, matairi yote ya nyuma huteleza pamoja na mkia wa gari ukaelekea bondeni. Gari lenye wageni nyuma siwezi kulifungia hiyo.

Loki inayowashwa na dereva ndiyo chaguo langu: ya hewa kama ARB, inayohitaji kompresa na mipira isiyovuja, au ya umeme iliyokuja na gari kutoka Toyota. Ukiizima, ni difu ya kawaida tu.

Hatua ya 3: Nyuma kwanza. Gari likipanda, uzito hurudi nyuma. Loki ya mbele ikiwashwa, usukani unakuwa mgumu na shafti za mbele zinaumia kwenye kona.

Hatua ya 4: Kabla ya kulipa, hesabu meno ya shafti yalingane na ya loki. Halafu muulize fundi atapimaje nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu. Akisema atakadiria kwa mkono, chukua funguo zako. Niliwahi kuletewa gari lililofungwa loki nzuri kabisa gereji nyingine, likivuma kama ndege. Shimu, vile visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo, hazikupimwa, krauni ikawa imekwisha.

Hatua ya 5: Kuitumia. Simama kabla ya tope, washa, sogea taratibu mpaka taa ya loki kwenye dashibodi iache kumeta, ndipo uingie moja kwa moja. Usiwashe tairi likiwa linazunguka kwa kasi, meno yatakatika. Ukishatoka, zima. Taa ikikataa kuzimika, shafti zimekazana: rudi nyuma mita chache, itaachia.